Viatu Alivyovisahau Mpelelezi

Kiwanda kilipokabidhiwa kwa mwekezaji na sisi tukarudishwa nyumbani, kiinua mgongo changu nilikifanyia mambo mawili. Nilinunua shamba la mboga Mgeta, kwenye mteremko wenye kijito, na nikanunua televisheni. Shamba alililima mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kwa kuwa aliishi hukohuko mlimani. Televisheni ilibaki kwangu, Morogoro mjini.

Kulikuwa na tamthilia ya upelelezi, ya Kiingereza, kila wiki baada ya taarifa ya habari. Majirani walijaa sebuleni na mimi, kwa kidato changu cha nne, nikawa mkalimani. Tajiri mmoja alikutwa amekufa maji kwenye bwawa la nyumbani kwake. Siku ileile mwanawe alionekana akipanda ngazi na viatu vilivyolowa. Mpelelezi aliviona, sisi pia tukaviona.

"Shikeni hapo," niliwaambia watu. "Viatu hivyo vitakuja kusema."

Dada yangu alikuwa ameteremka na lori la kabichi, akatazama nasi. "Huyo askari kanzu mbona hamuulizi mpwa wa marehemu?"

"Dada, kwao anarithi mtoto."

"Ajabu. Sasa wapwa wanakwenda wapi?"

Jirani yangu Mnyamwezi, mtani wetu, akadakia: "Waluguru bwana. Hata mzungu mnataka arithiwe na wapwa."

"Nyamaza, mtani. Wewe hata cha kurithiwa huna."

Watu wakacheka. Lakini nilijua dada haulizi habari za mzungu. Alitaka kusikia kinywani mwangu kwamba shamba litabaki kwa mwanawe, kama ilivyo desturi yetu. Nikajifanya nina shughuli ya kutafsiri.

Sehemu ya mwisho ilinikera vibaya. Yule kijana alilia mbele ya mpelelezi, na mpelelezi akamwachia. Aliyekamatwa ni mtunza bustani ambaye hatukuwahi kumwona hata siku moja. Viatu havikutajwa tena. Niliona mtunzi ametufanya wajinga: anamlea mtu mwenye akili wiki zote hizo, kisha anamfanya kipofu kwa sababu mtoto wa watu anajua kulia.

"Mkalimani," mtani akaniuliza, "viatu vimekauka?"

Nikazima televisheni.

Haukupita muda, mwanangu akaja kutoka Dar na maneno ya soko huria. "Baba, zama za wajomba zimepita. Nipe shamba, nilete mbegu za kisasa, mboga ziende mjini kwa lori letu wenyewe." Machozi yalimlengalenga alipokuwa akisema jinsi alivyohangaika huko mjini. Nikamwandikia shamba. Nikamwita mpwa wangu, nikamwambia aondoke.

"Sawa, mjomba. Niruhusu nivune njegere kwanza."

Nilimkatalia. Mwanangu alikuwa na haraka.

Masika yote mwanangu alikuwa akipita kwangu, akisema ametoka shambani. Udongo wa Mgeta wakati wa mvua humpanda mtu hadi magotini. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa.

"Kabichi zinaendeleaje?"

"Zinafunga vizuri, baba."

Siku moja mtani alikuwepo. Alivitazama vile viatu, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha. Nikamwongezea mwanangu chai.

Shamba alikuwa ameshaliuza, kwa mfanyabiashara wa Dar. Habari niliipata kwa dada, aliyewakuta vibarua wageni wakipanda karoti penye njegere za mwanawe. "Sikuja kukulaumu," alisema. "Nimekuja tu ujue." Mwanangu hakukanyaga kwangu tena. Mtoto niliyemlea mwenyewe alinitazama usoni akanieleza habari za kabichi zisizokuwepo, nami nilikuwa nimemwonyesha njia kwa kumfukuza aliyelilima shamba.

Mpwa wangu sasa ni kibarua kwenye matuta yaleyale. Mvua zilizofuata alibisha hodi, ana mfuko wa karoti begani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Pita ndani."

Alikaa kizingitini, akaanza kuukwangua udongo mwekundu kwenye viatu kwa kijiti. Nikamwambia aingie navyo hivyohivyo.

"Sakafu itachafuka, mjomba," alisema, akaendelea kukwangua. Nilikaa nikivitazama mpaka alipovivua.