Filta Mpya kwenye Njia ya Rumonge

Tulikwenda Rumonge kumchukua mama. Nesi wa zahanati iliyo karibu na kwake alinipigia simu jioni akaniambia kwamba utumbo wa mama umejifunga, kwamba pale hawana uwezo wa kumpasua, na kwamba gari la wagonjwa limeondoka na mwanamke mjamzito wala hajui litarudi lini. Akashauri tumlete Bujumbura haraka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, sina gari. Mwenye gari ni mdogo wangu Ezekieli, dereva wa teksi. Nilimpigia, akasema tutaondoka kukipambazuka.

Siku chache kabla ya hapo Ezekieli alikuwa amebadilisha filta ya hewa ya gari hilo, nami nilikuwepo gereji, Buyenzi, kwa sababu alinipitia nikitoka shuleni. Filta ya zamani ilikuwa imejaa vumbi jeusi. Fundi Idi akaweka mbili juu ya boneti ili achague. Ya kwanza ilikuwa ya karatasi, ya aina ileile gari lilitoka nayo kiwandani. Hukaa ndani ya boksi lililofungwa, na boksi huvuta hewa kwa bomba linaloanzia juu, karibu na taa. Ubaya wake, ikichafuka unaitupa, na madukani zimejaa za kuiga ambazo karatasi yake ni laini kama ya daftari. Ya pili ilikuwa ya kitambaa chenye mafuta, imechongoka kama faneli, haina boksi. Inaoshwa na kurudishwa. Hufungwa chini, nyuma ya bampa, inakopata hewa ya baridi. Aliyeileta sokoni alikuwa akisema injini inapumua vizuri na kunywa mafuta kidogo. Katika miezi ile ya kulala kwenye foleni za petroli, neno hilo peke yake lilitosha.

Fundi Idi hakumsukuma upande wowote. Alisema tu, "Hii ya kuosha iko nzuri hapa mu mujini. Kule nje sijui." Ezekieli akajibu kwamba kazi yake yote ni mjini, na ilikuwa kweli. Akachukua ya kuosha, boksi la zamani likabaki gereji.

Tuliondoka Bujumbura mbingu ikiwa na mawingu mazito upande wa milimani. Baada ya Kabezi lami ilikwisha, tukaingia kwenye sehemu wanayoitengeneza, na malori ya kifusi yakatufunika kwa vumbi jekundu hata tukafunga vioo. Mara mbili Ezekieli alikanyaga mafuta akatega sikio, kisha akasema injini inakoroma tofauti. Nikamuuliza kama kuna tatizo, akasema hapana, ni ile filta mpya, ndiyo sauti yake.

Gitaza tulikuta mlima umemeguka tena. Udongo ulikuwa umeshuka hadi katikati ya barabara, na nyumba moja ilikuwa imebaki na ukuta mmoja uliopakwa rangi ya buluu. Wanawake walianika ndagala, dagaa wa ziwani, kando ya tope hilohilo, kwa sababu mahali pao pa kuanikia ziwa lilikwisha kupachukua. Tulisubiri magari ya upande wa pili yapite, ndipo tukaruhusiwa.

Magara, maji ya ziwa yalikuwa yamepanda barabarani, lakini hayakufika nusu ya gurudumu. Tukapita polepole. Wavuvi waliokuwa wakikunja nyavu walitutazama.

Rumonge tulifika kabla ya adhuhuri. Mama alikuwa kitandani kwake, si zahanati. Alikuwa amekataa kulala kule. Tumbo lilikuwa limevimba na ngozi ya uso imekuwa ya kijivu, ila macho yake yalikuwa yaleyale. Nesi alikuwa pembeni akishika chupa ya maji ya mshipani. Nilimwambia mama tumekuja kumpeleka Bujumbura. Akageuza uso kuelekea ukutani.

Lazima nieleze hapa. Mama aliikimbia Rumonge akiwa msichana, akazeeka katika kambi ya wakimbizi Tanzania, ng'ambo ya ziwa hilihili, na sisi wote tukazaliwa huko. Aliporudi alikuta watu wengine katika shamba la baba yake. Baada ya mabishano ya muda mrefu akapewa nusu, akapanda michikichi, akaapa kwamba hatatoka tena.

"Nilishatoka hapa mara moja," akaniambia. "Nilichelewa sana kurudi."

Nikamwambia safari hii atarudi ndani ya wiki moja. Akamwuliza Ezekieli kama gari lake ni zima. Ezekieli akajibu ni zima. Basi akakubali abebwe. Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja yangu, na nesi akaning'iniza chupa juu ya dirisha kwa kamba. Tukamshukuru nesi, murakoze, tukaondoka.

Mvua ilitukuta Minago. Haikuwa nyingi pale barabarani, ila milima ilikuwa imepotea kabisa katika weusi, na kila kijito tulichovuka kilikuwa kimegeuka rangi ya matofali. Mama alikuwa akiuma upindo wa kitenge ili asipige kelele. Kila shimo la barabara nililisikia kupitia mwili wake.

Tulipofika tena Magara, mahali pale tulipopita asubuhi palikuwa mto. Maji ya mlimani yalikutana na ya ziwa juu ya barabara. Magari kadhaa yalikuwa yamesimama. Mbele yetu kulikuwa na gari la aina moja na letu, hata rangi haikupishana sana. Lilisubiri kidogo, likaingia, maji yakafika juu ya bampa, likatoka upande wa pili na kuendelea.

"Dada, umeona?" Ezekieli akasema. "Ile imepita. Na sisi tutapita."

Nilimtazama mama. Nikasema, "Twende."

Tulifika katikati. Injini ikagonga mara moja, kama mtu aliyepigwa nyundo kifuani, ikazima. Ezekieli alizungusha ufunguo na hakukuwa na kitu, hata mlio. Maji yakaanza kuingia chini ya milango. Wavuvi walikuja wenyewe bila kuitwa, wakatusukuma kurudi ukingoni, upande tuliotoka. Mmoja wao alimkataza Ezekieli asijaribu kuliwasha tena, akasema limekunywa maji.

Tulisimamisha kila gari lililotokea nyuma yetu, lakini hakuna lililothubutu kuingia. Wavuvi wakasema wangetuvusha kwa mtumbwi, lakini mawimbi yalikuwa yakipasuka hadi barabarani. Mwanamke mmoja muuza samaki, aliyejitambulisha kama Mama Odeta, akaja na mkeka juu ya kichwa kujikinga mvua. Akachungulia ndani ya gari, akamwona bibi kizee amelala kiti cha nyuma.

"Mumutoe huyu mukecuru hapo, iko baridi," akasema. "Mumulete kwangu."

Wanaume wanne walimbeba. Nyumba ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya ndagala na moshi. Mama Odeta aliondoa magunia yake yote kitandani bila kuuliza mama ni nani, akamfunika na nguo alizokuwa nazo. Chupa ya maji niliishika mimi mpaka mkono ukafa ganzi. Ezekieli hakukaa. Alikuwa akitoka barabarani kutazama maji, anarudi mlangoni, anatoka tena.

Mama aliuliza tumefika wapi. Nikamwambia Magara. Akauliza kama ni kwa watu tunaowafahamu. Mama Odeta akanitangulia kujibu kwa Kirundi, akamwambia ndiyo, yuko kwao. Mama akashusha pumzi. Alasiri, maji ya barabarani yakiwa yameanza kupungua, alifariki.

Tulimrudisha Rumonge kwa lori la mfanyabiashara wa samaki, lililokuwa likishuka tupu. Tukamzika katika nusu ya shamba lake.

Siku ya kurudi Bujumbura tulishuka Magara. Gari lilikuwa palepale, na Fundi Idi alikuwa amekuja kwa basi na vifaa vyake. Alifungua boneti, akaifungua ile filta ya kitambaa, na maji machafu yakamwagika kwenye viatu vyake. Akapitisha kidole ndani ya bomba kikatoka na tope jekundu, vumbi la kule Kabezi ambalo kitambaa hakikulizuia. Alitueleza kwamba injini imepinda ndani, haitengenezeki. Ezekieli akamwuliza kuhusu gari lile lililotutangulia. Fundi akasema huenda lilikuwa na boksi lake la kiwandani, linavuta hewa juu kwenye taa, ndiyo maana maji ya kwenye bampa hayakulifikia. Letu lilikuwa likinywa kutoka chini.

Sasa watu wakiniuliza kuhusu filta, nami siku hizi ninaulizwa, ninawaambia hivi. Ya kuosha si mbaya kwa gari lisilotoka mjini. Kwa njia ya mwambao, yenye vumbi kiangazi na maji masika, afadhali ya karatasi ndani ya boksi lake, na ukague usiuziwe ya kuiga. Hata kama kazi yako yote ni mjini, hujui nani atakuwa mgonjwa kesho.

Tulikaa kando ya barabara tukisubiri basi. Ezekieli alikuwa amevua kofia.

"Dada, kama ingekuwa ile ya karatasi, mama angefika?"

Ningeweza kumwambia alikuwa mgonjwa mno, na kwamba ni mimi niliyesema twende. Yote ni kweli. Lakini alikuwa ameniuliza waziwazi.

"Gari lingefika," nikamwambia. "Mama, sijui."

Akatikisa kichwa kukubali. Basi likaja limejaa, tukapanda, tukasimama hadi Bujumbura.