Siku Niliyosema "Kavu"

Gita la stima bila amplifaya lina sauti ya mbuzi akijikuna kwenye ua wa waya. Ndugu yangu mkubwa alikuwa na gita la stima na hakuwa na amplifaya, kwa hiyo kwa miaka miwili alipiga mbuzi.

Yeye ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu huko Nchiru, amepanga chumba ghorofa ya kwanza, juu ya buchari. Mwenye jengo ndiye mwenye buchari, mzee Mwislamu mwenye ndevu nyekundu za hina na aproni ambayo nadhani ilikuwa nyeupe kabla sijazaliwa. Asubuhi unaamshwa na shoka likipasua mifupa chini ya kitanda chako. Ukizoea, unalala hadi shoka lifike kwenye mbavu.

Bendi moja ya Meru mjini ilikuwa inatafuta mpiga gita. Kiongozi wao, mama mmoja mwimbaji mwenye jino la dhahabu, alimwambia ndugu yangu: njoo tukusikie, lakini njoo na amplifaya yako, yetu iliungua. Alimpa wiki tatu. Brathe aliitaka nafasi hiyo kuliko digrii, na ukimwambia baba nilisema hivyo nitakataa. Akaagiza amplifaya ya taa, ile ya zamani yenye valvu za kioo, ikiwa vipande vipande kwenye sanduku. Unaiunga mwenyewe. Mama alipotuma gunia la viazi kutoka kwetu Kibugu likizo ya Agosti, alinituma mimi nalo nikamsaidie. Viazi vilikaribishwa vizuri sana.

Jambo moja ulijue kuhusu sisi wawili. Kwetu ukishatahiriwa baba hakuchapi tena, mwanamume hapigwi na baba yake. Mimi nilifurahi siku moja hivi. Wakati nimekaa ndani nikipona, brathe ndiye aliyekuwa mlezi wangu, wa kuniletea chakula na kunifundisha heshima, na heshima yenyewe aliifundisha kwa mwiko, kwa mkanda na mara moja kwa jerikeni lenye maji. Baba aliacha fimbo, brathe akairithi kama shamba.

Kwa hiyo tukaanza kuunga. Sanduku lilikuwa na chesisi ya chuma, transfoma mbili nzito kama mawe ya kusagia, taa tatu za kioo, rezista zenye mistari ya rangi kama shanga, na kapasita, mitungi midogo ya kuweka stima. Hiyo mitungi ndiyo shetani. Unazima mashine, unachomoa waya ukutani, unaenda kunywa chai, na stima bado imekaa humo ndani inakungoja, kama mwalimu wa zamu nyuma ya choo. Volti mia tatu na zaidi. Inaweza kusimamisha moyo.

Brathe akaandika sheria ukutani kwa makapeni: MKONO MMOJA NDANI, MMOJA MFUKONI. Maana mikono yote miwili ikiwa ndani, stima inapita kifuani. Kazi yangu ilikuwa moja. Kila tukishajaribu mashine, mimi nabana waya wa kumwaga stima kwenye mtungi, nashika mita, nangoja namba zishuke hadi karibu na sufuri, kisha natangaza: "Kavu!" Yeye hagusi kitu kabla ya neno hilo. Siku za kwanza nililitangaza kama kondakta anayeita abiria. Hata yeye alicheka.

Wiki ya kwanza ikaenda vizuri kwa makofi mawili tu. Halafu tukawasha mara ya kwanza.

Sijui nikuelezeje. Ilikuwa bomu. Mtungi mmoja ulipasuka, chumba kikajaa moshi wenye harufu ya samaki aliyeoza, vipande vya karatasi vikaanguka kwenye nywele zetu kama theluji ya kule mlimani. Chini shoka likanyamaza. Wasichana wa vyumba vya pembeni wakatoka mbio, mmoja na taulo, mmoja na sufuria ya wali mkononi, wakapanga mstari pale kwenye ngazi wakituangalia tukikohoa.

Mtungi ulikuwa umefungwa kinyume, jumlisha upande wa toa. Aliyeufunga ni yeye. Nilimwona kwa macho yangu.

"Umefunga kinyume, kirimu wewe, mjinga!" akanipigia kelele.

"Mimi? Si ni wewe ulifunga hiyo, mimi nilikuwa napika..."

Kofi. La mkono wazi, la shavu lote, la kusikika hadi buchari. Nikagonga ukuta. Akaongeza la pili kwa sababu nilikuwa bado nimesimama. Yule wa sufuria akacheka. Nilikuwa nimetumia siku sita kumfanya msichana huyo acheke, na sasa alikuwa anacheka.

"Pole, mtoto," akasema.

Mtoto!

Brathe alienda mjini kwa fundi wa redio akarudi na mtungi mwingine. Siku iliyofuata, mchana, tukawasha tena, safari hii kwa kupitisha stima kwenye balbu kwanza, ili kukiwa na kasoro iwake balbu isilipuke mashine. Tulichomeka taa moja tu. Ikawaka rangi ya chungwa, taratibu. Hakukulipuka kitu. Tukazima, tukachomoa.

"Mwaga," akasema. "Nataka kusogeza ule waya wa kijani."

Nilishika mita. Namba zake ni kubwa kama za kalenda ya ukutani. Zilisema 310. Waya wa kumwaga ulikuwa kwenye paja langu, nilihisi meno ya kibanio chake kupitia suruali. Shavu langu lilikuwa bado limevimba. Naweza kukuambia nilidhani itakuwa kama kuguswa na chaja ya simu, kidole kiruke tu, tucheke. Nimewaambia watu wengi hivyo. Lakini namba niliiona, na nilijua ni ya nini.

"Kavu," nikasema.

Akaweka mkono wa kushoto mfukoni, kama sheria inavyosema, akaingiza wa kulia.

Hakupiga kelele. Alitoa sauti ya ng'ombe, ile ya mwisho, kisha mwili wote ukaruka nyuma na kiti chake. Mkono wa kushoto, uliokuwa salama kabisa mfukoni, ukachomoka kutafuta pa kushika na ukapita kwenye kioo cha dirisha. Kioo kikaanguka barabarani. Mkono ukarudi ndani na damu inaruka hadi kwenye sheria ya ukutani.

Mzee wa buchari alifika kabla sijafunga mdomo. Alimtazama, akavua aproni, akaufunga ule mkono nayo kwa nguvu kama anafunga mguu wa mbuzi.

"Kijana, unanisikia? Tazama mimi. Wallahi usilale!" Kisha akanigeukia. "Na wewe unasimama nini kama nguzo? Shika mwenzako!"

Kliniki ilikuwa hatua mia mbili. Kulia, alikuwa na kitundu cheupe kwenye ncha ya kidole, kidogo kama cha sindano. Kushoto, kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimepasuka hadi ndani. Daktari alishona akihesabu kwa sauti, brathe akang'ata mkanda wake mwenyewe. Asishike gita wiki tatu, daktari akasema. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Tukiwa kwenye benchi la nje akaniuliza bila kunitazama.

"Mita ilisema nini?"

"Sufuri," nikasema.

Akaamini. Nadhani hilo ndilo lililonitisha, jinsi alivyoamini upesi.

Siku zilizofuata hakunigusa. Nilivunja kikombe, akaokota vipande. Nilichoma viazi, akala. Lakini mashine aliifunika taulo na hakuikaribia. Kama mita inasema sufuri na mtungi unaua, basi mashine ina kasoro isiyoonekana, na angejuaje wapi pengine inangoja? Aliazima mita nyingine, akaishika mbali kama nyoka, akairudisha bila kupima. Vidole viwili vilivyobaki alivifanyisha mazoezi kwenye gita kimya kimya, mbuzi akijikuna. Mkono haukumshinda. Kilichomshinda ni lile taulo.

Siku ya tano nilimkuta anaandika ujumbe kwenye simu kwa kidole gumba. Nikachungulia. Ulikuwa wa kwenda kwa yule mama wa bendi. Samahani sana, mashine yangu ina hitilafu, sitaweza kuja.

"Usitume," nikasema.

"Kwa nini?"

"Mita ni nzima."

Niliona likimwingia, neno kwa neno.

"Ilisema nini?"

"Mia tatu na kumi."

Sasa, mimi nimepigwa sana maishani, naweza kuandika kitabu cha mwongozo. Lakini kipigo kile sikijui jina. Alitumia mkono wa kulia tu, na magoti, na kichwa. Alinibamiza kwenye mlango, mlango ukafunguka, tukaendelea nje. Nilipiga pia. Nilimpiga ngumi ya koo. Tulishuka ngazi tukiwa tumeshikana kama mizigo miwili, nikasikia sikio langu la kushoto likifanya *piiii* na halijawahi kunyamaza sawasawa tangu hapo. Chini alinikalia kifuani na kunishika shingo. Macho yake hayakuwa yananiona.

Kisu kikapita katikati yetu. Kikubwa, cha kuchunia, upande wa butu ukamgusa brathe kidevu na kukiinua.

"Hapa kuchinja nachinja mimi," mzee akasema. "Nina kibali. Wewe una kibali?"

Brathe akaachia. Akaenda kutapika kwenye mtaro. Mimi nililala pale nikimwangalia yule wa sufuria juu ya ngazi. Safari hii hakucheka.

Jioni hiyo hiyo brathe akatoa taulo juu ya mashine.

"Utaunga wewe," akasema. Mdomo wake ulikuwa umepasuka. "Vidole vyangu havishiki solda. Mita nashika mimi."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichomfanyia. Nilifanya kazi siku nne, mkono mmoja mfukoni, mwingine ndani ya chuma kile. Kila baada ya jaribio alibana waya, akaigeuza mita nisione, akangoja. Wakati mwingine alingoja muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akinitazama tu.

"Kavu."

Na mimi ninaingiza mkono. Mara ya kwanza niliusimamisha mkono juu ya chesisi. Nikasema, "Nionyeshe mita." Akasema, "Hapana." Nikaingiza. Nilihesabu hadi mara kumi na nane, baadaye nikaacha. Hakudanganya hata mara moja. Mimi ningedanganya. Nilikuwa nalijua hilo kila nilipopeleka kidole kwenye shaba.

Ilipokamilika alichomeka gita, akapiga nyuzi zote wazi kwa pigo moja. Mungu wangu. Ile si sauti. Ni kitu kilichokushika kifua na kukisukuma. Bati la buchari likatetemeka, vioo vilivyobaki vikalia, na chini mzee akapiga kelele kwamba nyama yake inatikisika. Brathe akaongeza sauti.

Jumamosi tukaibeba hadi ukumbi mmoja nyuma ya hoteli mjini. Yule mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akila ndizi, mpiga ngoma na mpiga besi nyuma yake. Nje mlangoni kulikuwa na kijana mwingine mwenye gita mgongoni, mwenye vidole kumi.

Brathe alipiga kwa vidole viwili na bandeji. Wimbo wa kwanza niliwaona wakitazamana, mama akaacha kutafuna. Ilikuwa nzuri, na sisemi kwa sababu ni ndugu yangu, wakati huo sikumpenda. Wimbo wa pili bandeji ikaanza kuwa nyekundu. Hakupunguza. Alisahau, akavitumia vile vilivyoshonwa, nikaona uso wake ukikunjamana na mkono ukiendelea, damu ikishuka kwenye shingo ya gita hadi kwenye swichi, ikidondoka sakafuni. Mama akainua mkono.

"Wacha. Wacha, mwanangu. Hiyo mkono imefanya nini?"

"Kioo."

"Kioo ilikuja yenyewe?"

Brathe alinitazama. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Nimekuwa na la kuchekesha mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya kaburi la nyanya, kila mahali.

"Ni mimi," nikasema.

Mama akanitazama, jicho langu jeusi, sikio langu, shingo yangu yenye alama za vidole.

"Unapiga vizuri," akamwambia brathe. "Lakini Jumamosi ijayo niko na harusi Embu na nataka mkono mzima. Ukipona, njoo tuone. Siahidi. Hiyo mashine ungeniachia."

Nilidhani atakataa. Ingekuwa mimi ningeibeba hadi mlimani. Aliifikiria, akaifuta damu kwa shati, akamwita yule kijana wa mlangoni, akaanza kumwonyesha inavyowashwa, taa zinavyopashwa moto kwanza, inavyozimwa.

"Ikiwa na shida nimuulize huyu mdogo wako?" kijana akauliza.

"Hapana," brathe akasema. "Niite mimi."

Kesho yake nilirudi Kibugu na gunia tupu. Niko shule sasa, mchana darasani, jioni shambani nikichuma chai. Kila Jumamosi bendi inapopiga brathe huenda kumwashia kijana yule mashine na kukaa kando yake. Huwa naazima simu ya mama yetu nikampigia. Jumamosi iliyopita alishika. Nyuma yake nilisikia gita, kubwa, la kupasua, na halikuwa lake.

"Unataka nini?"

"Kidole kinakunjika?"

"Bado," akasema, akakata.