Mawese kwenye Soketi ya Chaji

Ni saa mbili asubuhi mjini Rumonge, kando ya ziwa, na Fahima ameshaudhika. Pikipiki ya Emery imerudi kwake, inasukumwa, kwa mara ya tatu.

"Mama Fahima, batri yako iko mufu," Emery anasema huku akihema.

"Yangu? Nilikuuzia nzima. Wewe ndiye unayelala nayo."

Fahima ni fundi wa umeme wa pikipiki. Kazi alifunzwa na mumewe, aliyevuka ziwa na hakurudi. Mita ya kupimia umeme aliiacha. "Kwa haraka," Fahima husema, "si kwa upendo."

Siku nzuri hutengeneza pikipiki nne. Wiki hii nzima amepata mbili, kwa kuwa Emery, anayebeba abiria na madumu ya mawese kutoka Kizuka, amewatangazia madereva wenzake kituoni kwamba batri za Fahima ni za kufa.

Fahima anapiga kiki mpaka injini inawaka, kisha anagusisha mita kwenye batri. Volti kumi na mbili. Anavuta mafuta; mita ilipaswa kupanda hadi kama kumi na nne. Haipandi.

"Batri haina kosa. Hailetewi chakula."

Anafungua kifuniko cha pembeni. Mahali pa fyuzi pana kipande cha waya.

"Fyuzi iko wapi?"

"Ilikuwa inaungua kila siku. Tangu niweke waya, haijaungua tena."

"Ndiyo. Sasa unaunguza pikipiki."

Anafuata nyaya kwa kidole. Mmoja umechubuka, unagusa chuma kila pikipiki inaporuka shimo; huo ndio ulikuwa ukiua fyuzi. Mbele ya waya huo, soketi inayopitisha chaji imejaa uji mwekundu wa mafuta na vumbi. Fahima ananusa.

"Emery. Haya ni mawese."

"Kulikuwa na kutu, Mama."

Kwao Kizuka mawese hupakwa kifua cha mwenye kikohozi, bawaba za mlango na ngozi yenye upele. Emery hakuona sababu ya kuibagua soketi.

"Hata mnyororo napaka, unaenda vizuri."

"Mnyororo unabeba umeme?"

Fahima anachukua kitambaa, ananyosha mkono.

"Toa petroli kidogo nioshee."

"Petroli? Haipatikani! Hii nimeipangia foleni tangu jana."

"Basi ilambe hiyo soketi."

Petroli inatoka. Soketi inaoshwa, waya unafungwa utepe, fyuzi mpya inaingia. Mita inapanda: kumi na nne.

"Sasa nenda kituoni ukawaambie wenzako."

"Nitawapigia simu."

"Ulinisema kwa mdomo, ukiwa umekaa juu ya hii pikipiki. Nenda hivyo hivyo."

Emery anaondoka, taa ikiwaka mchana kweupe. Fahima anafuta mikono. Anataka kukodi chumba chenye mlango karibu na soko, aache kufanya kazi juani, na mwenye nyumba ameahidi kumngojea akiona wateja wanarudi.

Kutoka kituoni kinasikika kicheko kirefu. Baadaye dereva mmoja anakuja akisukuma pikipiki yake polepole, anainama na kunong'ona:

"Mama, na kupaka kwenye honi pia ni vibaya?"

Fahima anavuta pumzi, kisha anamsogezea kigoda.