Bata Wawili wa Idi

Mimi nina mdomo, sikatai. Wajukuu wangu huniambia, "Bibi, punguza sauti, majirani watasikia," nami huwajibu wacha wasikie, ndiyo maana ya ujirani. Lakini mara moja mdomo huu ulikaribia kumfukuzisha mtu kijijini, na hilo nalisema mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine.

Tulikuwa ndio kwanza tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Mahurunga. Zamani kila mtu alikaa shambani kwake, kwenye mikorosho yake, na kuku wake wakitembea wapendavyo. Sasa nyumba zilipangwa mistari. Mlango wangu ukatazamana na wa mjane mmoja aliyetoka bondeni na watoto watatu. Hatua ishirini tu. Kuku wake wakawa wanakuja kuparua mihogo niliyoanika. Siku ya kwanza nikanyamaza. Siku ya pili nikasimama mlangoni. "Jirani, kuku atakayevuka tena hapa, mchuzi!"

Kesho yake akawafungia kuku wake wote saba bandani, akawa anawapelekea pumba na maji humo humo. Nikajiona mshindi.

Mimi nilikuwa na kuku kumi na tisa, na kufuga nilijua, asikudanganye mtu. Mvua zilipoanza na Idi ya kuchinja ikakaribia, mume wangu akaleta bata mwitu wawili hai, amewanasa kwa tanzi kwenye mabwawa ya Ruvuma. Kwetu bata wa bwawani haliwi siku ile ile, nyama inanuka tope. Analishwa pumba na chenga za mahindi wiki mbili tatu mpaka harufu imtoke. Nikawapunguza manyoya ya mbawa, nikawaachia na kuku wangu. Wakanywa sufuria moja, wakalala banda moja. Bata wenyewe wazima, wananenepa! Niliita watu waje kuwatazama.

Wiki haijaisha, asubuhi moja jogoo wangu hakuwika. Nilimkuta kajikunyata, mabawa yameshuka, anahema mdomo wazi, kinyesi chake kijani. Kesho yake shingo ikapinda, akafa. Wakafuata mitetea, kisha vifaranga. Nilibaki na bata wawili na banda tupu. Nililia, jamani. Kuku wale ndio walikuwa chumvi yangu, mafuta yangu ya taa na madaftari ya wanangu.

Kutoka kwangu mdondo, ugonjwa huo wa kuku, ukashika mstari, nyumba kwa nyumba. Ukairuka nyumba moja tu, ya mjane.

Basi nikapata la kusema. Nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi nikamwambia, "Kijiji kizima kimekwisha kuku, wale saba wa mjane hata kukohoa hawakohoi. Hamwoni?" Sikutaja uchawi. Haikuwa lazima, wenzangu walilitaja kwa niaba yangu. Watoto wake wakawa wanateka maji peke yao, wenzao wamewapisha. Ukaitishwa mkutano ili aamriwe kuhama. Asubuhi ya mkutano nilifungua mlango nikaona mikeka yake imekunjwa, imefungwa kamba, imeegemezwa ukutani. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Balozi hakuwa mtu wa pupa. Kimya kimya alikuwa ameagiza bwana mifugo kutoka mjini. Alifika mkutanoni, kijana wa bara, na chupa ya chai iliyojaa barafu na chanjo. Akauliza kuku wa nani walitangulia kufa. Wakanitazama. Akauliza kama kuna aliyefuga ndege wa porini.

"Si huyu huyu!" mmoja akadakia. "Alituita tukawatazame!"

Akatueleza taratibu. Ndege wa mabwawani anaweza kuubeba mdondo na yeye asiugue. Huutoa kwa kinyesi, kuku akila au akinywa hapo, kwisha. Hakuapa kwamba ni bata wale, ila alisema angekuwa yeye asingetafuta mbali. Tena ugonjwa huu hutembea hata kwenye nyayo za watu, basi atokaye kwenye banda lenye ugonjwa anawe miguu kabla ya kwenda kwa mwenzake.

Mume wangu akanong'ona, "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Na aliyewaleta nani?" nikamrudishia.

Kisha bwana mifugo akamgeukia mjane, akamuuliza kwa nini kuku wake hakuwachanganya na wengine. Akajibu kwa sauti ndogo, macho chini, "Jirani alisema atakayevuka ni mchuzi."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Ukali wangu ndio uliowaponya kuku wake, na kupona kwao ndiko nilikomshitakia! Nikasimama. Nilisema mbele ya wote kwamba kosa ni langu, bata ni wangu na maneno yalikuwa yangu, na kwamba akihamishwa yeye basi nihamishwe mimi kwanza. Nilisema polepole, mimi niliyezoea kunguruma. Balozi akafunga mkutano. Hakuna aliyehama.

Bata tuliwachinja tukawafukia na manyoya yao, Idi ile tukala mihogo.

Lakini jioni ya mkutano ule nilivuka zile hatua ishirini, mikono mitupu. Mjane alikuwa mlangoni. Aliichukua mikeka, akafungua kamba, akatandika mmoja barazani. Nikainua mguu nikae.

"Ngoja," akasema. Akaingia ndani, akatoka na kata ya maji, akanipa. "Nawa miguu kwanza, jirani."