Mwisho wa Benchi

Kwenye kibanda cha kahawa hapa Kasulu tulibishana wiki nzima kuhusu beki wetu kijana, kama aende timu ya Kibondo iliyomtaka au abaki. Mwenye kibanda alisema, “Huyo anajua mpira.” Nikamuuliza amemwona lini, maana kocha hakuwahi kumwingiza. Kazi yake ilikuwa kukaa mwisho wa benchi na kulinda kandambili za wenzake. Mashabiki tuling'ang'ania aachiwe, na kweli akaenda.

Baada ya hapo hakuna aliyekaa pale mwisho. Wachezaji wa akiba walibanana, nafasi ile wakaiacha wazi, na kandambili zikaendelea kupangwa mbele yake. Mwanzoni ilinikera, halafu ikaanza kunitisha.

Kisha Kibondo wakaja kucheza kwetu. Kijana alishuka kwenye gari na jezi yao, akalipita benchi lao bila kugeuka, akaja kukaa kwenye nafasi yake. Hakusalimia mtu. Nilingoja mtu amwambie amekosea benchi.

Wachezaji wetu wakavua kandambili, mmoja baada ya mwingine, wakampelekea.