Mstari Ambao Biki Haikuupitia

Nakumbuka siku moja, mwanangu, hapa hapa Bunia, baba yangu alivyoketi ghafla kwenye sakafu ya ukumbi wa parokia kama mtu aliyekatwa miguu.

Alikuwa na karatasi ya kiwanja chetu cha mtaa wa Ngezi, iliyoandikwa na baba yake kwa kalamu ya kuchovya. Wino ulikuwa ukififia. Basi kila mwaka, mvua zikianza, Baba aliketi mezani akapitisha kalamu ya biki juu ya kila herufi aliyoweza kuiona, polepole, ili maneno ya mzee wake yasipotee. Alifanya kwa mapenzi. Hilo lijue kwanza.

Jirani yetu Mama Asifiwe, muuza sombe, yale majani ya muhogo, alikuwa akisema nusu ya kiwanja ni ya marehemu baba yake, ndivyo alivyoambiwa na mama yake. Baba alimjibu, "Karatasi haina jina yako." Alikwisha kupiga vigingi uani kwa mama huyo, akamwambia abomoe nyumba.

Mwaka huo alifika parokiani dada mmoja, mtaalamu wa wino wa zamani, kusoma daftari za ubatizo zilizofifia. Baba akampelekea karatasi mbele ya Mama Asifiwe, ili mama wa watu anyamaze.

Yule dada alifunga madirisha, akawasha taa ya zambarau, kama ile ya wabadilisha pesa wa sokoni wanapokagua dola.

"Wino ya zamani ilikuwa na chuma ndani," alisema. "Rangi inaenda, chuma inabaki mu karatasi. Mu mwangaza huu inaonekana nyeusi."

Chini ya mistari ya Baba, mahali tulipopajua kuwa peupe miaka yote, ukaibuka mstari mwingine. Mweusi! Nilidhani ni uchawi. Dada akausoma:

"Nusu ni ya rafiki yangu marehemu. Ninamulindia mpaka binti yake akomae."

Tukamgeukia Mama Asifiwe, na mvi zake, na beseni lake la sombe miguuni.

"Papa Dieumerci," akamwambia Baba, "sasa nimekomaa? Ao mungojee meno itoke yote?"

Mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea. Hapo ndipo Baba alipoketi chini. Alitoa biki mfukoni, akaitazama kana kwamba ni nyoka.

"Mama, usivunje nyumba," alisema. "Baba yangu aliahidi, na mie sikujua."

Jioni ile aling'oa vigingi vyote kwa mikono yake.

Mwanangu, karatasi ile sasa ni yako. Usiipitishie biki. Na palipo peupe usiseme hapana kitu; mwulize kwanza jirani alichoachiwa na mama yake, maana kuuliza si ujinga. Mungu akupe macho yanayoogopa penye weupe, na kweli ikufikie ungali na nguvu za kung'oa vigingi vyako mwenyewe.