Jibu Nililompa Sekela

Juzi nilimkuta mjukuu wangu akisoma kitabu cha shule chenye somo la hedhi, wala hakukifunika nilipoingia. Nilitoka nje.

Sisi tulifundishwa uzazi wa ua la haragwe tu. Alasiri moja tulikuwa tukipalilia shamba la shule, udongo ukinuka mvua, ndipo Sekela, niliyekaa naye dawati moja, alipoona damu kwenye sketi yake.

"Gwe, wewe, nitakufa?" alininong'oneza.

Mimi ndiye niliyekuwa naongoza darasa kwa alama, nikaona aibu kusema sijui.

"Utakufa. Mjomba wangu alianza kutoka damu hivyohivyo."

Mwalimu alituona, akaiona na sketi, kisha akageukia migomba. "Nyie wawili, magugu hayang'olewi kwa mdomo!" Wenzetu wakacheka.

Sekela alichomoa penseli sikioni, akanipa. "Chukua. Mimi ya nini tena?"

Nikaipokea.

Alikwenda Masukulu kwa bibi yake kungoja kifo. Bibi alimweleza ukweli, lakini kwao ukweli huo ulimaanisha amekuwa wa kuozwa. Hakurudi shule.

Mtihani wa darasa la saba niliufanya kwa penseli ile, nikafaulu.